Nitamwacha Hukohuko

Wiki iliyopita jirani yangu wa hapa Saint Paul alivunja njia ya kuingizia gari mbele ya nyumba yake, akamwaga zege jipya. Nilikuwa natoka kazini, nimebeba mfuko wa mboga, na ile harufu ya saruji mbichi ikanikamata palepale kando ya barabara. Ni harufu ya mvua iliyofungiwa ndani ya jiwe. Nilisimama kama mtu aliyeitwa. Jirani akadhani nimekerwa na kelele za mashine, akaniomba radhi. Ningemwelezaje kwamba kwa dakika ile nilikuwa kisiwani, nina miaka tisa, na ndani ya soksi yangu ya kushoto nimeficha pasipoti?

Ninyi wa rika langu, mliozaliwa huku na wazazi waliokuja kusoma wakabaki, mtanielewa nikisema kwamba sisi tulikuwa watoto wa kusikiliza. Kiswahili kilitufikia kutoka jikoni, kutoka kiti cha mbele cha gari, kutoka kwenye simu zilizopigwa kwa kadi za kukwangua. Kwa kuwa tuliwajibu wazazi wetu kwa Kiingereza, walidhani hatushiki. Tulishika sana. Kasoro yetu ni kwamba tulishika nusu, na nusu iliyobaki tukaijaza wenyewe.

Baba yangu alikuwa mtu wa Singida, kwenye nchi ambayo mvua husubiriwa kama mgeni wa heshima. Alikuja Minnesota kusomea uhandisi wa maji. Mama, mzaliwa wa Moshi, alikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee kule Anoka. Tulikaa Champlin, mitaa miwili kutoka Mississippi, na nilikuwa mtoto wao wa pekee. Baba hakuweza kutulia. Hata mezani alikula akiwa na mguu mmoja nje ya kiti. Alifanya kazi ya ofisini Eagan, akaichoka. Akaenda kuchimba visima Dakota, akarudi. Akaanza kuzungumzia kurudi Singida, akanyamaza. Kisha akapata mkataba wa kujenga matangi ya maji ya mvua huko Tokelau.

Alinionyesha kwenye ramani. Katikati ya samawati kubwa ya Pasifiki palikuwa na vidoti vitatu, nami nikavipangusa kwa kidole nikidhani ni makombo ya mkate. Baba akacheka. Akasema visiwa vile havina mto wala kisima, ni pete tu za matumbawe zilizoinuka kidogo juu ya bahari, na watu wake hunywa mvua. "Miezi sita tu, Manka," akaniambia. Miezi sita ikawa kumi, na katika miezi ile kumi simu zake zikawa fupi, na uso wa mama ukawa mrefu.

Siku niliyosikia maneno yale ilikuwa Jumamosi mchana, theluji inayeyuka na kudondoka kutoka paani. Mama Njeri, Mkenya aliyefanya kazi pamoja na mama, alikuwa amepitia kwetu baada ya zamu. Mimi nilikaa ngazi ya juu kabisa, miguu imekunjwa ndani ya gauni la kulalia, masikio yakiwa jikoni.

"Lakini wewe, uko sure kabisa?" Mama Njeri aliuliza.

"Nimeamua," mama akasema. "Nimechoka kulea peke yangu. Kwa simu siwezi. Nikifika huko, nitamwacha hukohuko."

"Na akilia?"

"Atalia, halafu atazoea. Watu wa kule ni wema. Hatakosa wa kumpikia."

Kijiko kikagonga kikombe. Mama Njeri akasema, "Pole, dada yangu."

Nilibaki pale ngazini hadi mapaja yakafa ganzi. Kiswahili changu kilikuwa kidogo, lakini maneno yale yote niliyajua. Kulea nilijua ni mimi, maana nyumbani kwetu hakukuwa na mwingine wa kulelewa. Kwa hiyo aliyechosha alikuwa mimi, na wa kuachwa alikuwa mimi.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikumwuliza mama. Kuna maswali mtoto anaogopa kuyauliza kwa sababu anaona akiyatamka atayapa nguvu. Badala yake nilianza kukusanya ushahidi. Mama alimpa mtoto mmoja wa kanisani buti zangu za theluji. Alisema zimenibana, nami nikajiambia kwamba anayetarajia kurudi Champlin hagawi buti. Mama aliweka kwenye sanduku nguo zangu zote za joto, zote kabisa. Mama alinunua tiketi, na jioni moja nilimkuta ameketi kitandani, pasipoti yangu mapajani, anaitazama picha yangu kwa muda mrefu mno. Shule ilipofungwa na siku ya safari ikafika, nilikuwa nimekwisha kuamua: sitamwacha aniache.

Uwanja wa ndege nilimwambia mama nataka kubeba pasipoti yangu mwenyewe, kama mtu mzima. Alicheka, akanipa. Chooni niliitia ndani ya soksi, nayo ikakaa humo hadi ngozi ya kifundo ikachubuka. Tuliruka hadi Los Angeles, tukaruka tena hadi Samoa, na toka Samoa tukapanda meli. Kule Tokelau hakuna uwanja wa ndege. Watu hulala juu ya mikeka kwenye sitaha, katikati ya magunia ya unga na maboksi ya kuku waliogandishwa, siku nzima na zaidi, na meli inapanda na kushuka kama kifua cha mtu anayelia. Mama alitapika hadi akawa wa kijivu. Mimi sikutapika wala sikulala. Nilifunga pembe ya kitenge chake kwenye mkono wangu kwa mafundo mawili, na kila alipogeuka ubavu nilishtuka na kukaa.

"Hebu lala, mwanangu," alisema, macho ameyafumba. "Unanichokoza nini?"

Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba sina usingizi.

Meli haiingii kisiwani. Inasimama nje ya mwamba, injini inanguruma, na mashua ndogo ya bati inakuja kukuchukua. Inasubiri wimbi, kisha inapenya mlango mwembamba uliokatwa kwenye matumbawe, povu jeupe kushoto na kulia. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua nilimwona baba amesimama ndani ya maji hadi magotini, mweusi kuliko nilivyomkumbuka, miguu mitupu, vumbi la saruji kwenye nywele. Alininyanyua kutoka kwenye mashua kabla haijasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba! Umekuwa mlingoti, Manka." Kisha akamgeukia mama, mikono yake bado imenibeba. "Karibu, Mama Manka. Pole na safari."

"Asante," mama akasema. Walishikana mikono. Niliona kwamba walishikana mikono kama watu wanaofahamiana kazini.

Sijawahi kupata neno la rangi ya lile ziwa, si kwa Kiswahili wala Kiingereza. Kisiwa kilikuwa chembamba kiasi kwamba ukisimama mlangoni pa shule unasikia bahari kubwa ikipiga mgongoni mwako, na mbele yako yapo maji mengine, yametulia, yamezungushiwa pete ya visiwa vidogo na matumbawe. Yalikuwa na rangi tano au sita kwa wakati mmoja. Mimi mtoto wa Minnesota niliyaita ziwa, na baba alifurahi sana. "Ndiyo, ni ziwa, ila la chumvi," akasema. "Linapumua. Maji yanaingia na kutoka mara mbili kwa siku." Mwamba wenyewe nilikuwa nimedhani ni mawe yaliyokufa. Baba aliniinamisha kwenye ukingo wa mashua nikaona kwamba ni kitu hai kilichojijenga kidogo kidogo, kuna samaki wa manjano wanaingia na kutoka kama watoto kwenye korido, na chaza wakubwa wenye midomo ya zambarau wanaofumba wakiona kivuli chako.

Baba, ambaye Singida hakuwahi kuingia kwenye maji ya kumfika kiunoni, alikuwa amejifunza kuogelea. Alijitupa chali majini, akaelea, mikono ameitandaza, macho angani. Sikuwahi kumwona ametulia hivyo. Mama naye alimtazama toka kwenye mashua, na uso wake siku ile sikuuelewa. Leo nadhani alikuwa anamwonea wivu yule mwanamume aliyeelea, kwa sababu aliyemwoa yeye alikuwa mwingine.

Mwenyeji wa baba aliitwa Malia, mjane mnene mwenye sauti ya kwaya, ambaye watoto wake wote walikuwa wamehamia New Zealand. Aliongea Kiingereza cha kutosha, hivyo mimi na yeye tulielewana bila mtu wa kati. Alinipenda tangu dakika ya kwanza, na hilo ndilo lililoniogofya. Alinipima mabega kwa kamba, akaanza kunishonea gauni jeupe la Jumapili. Alinisukia kofia ya majani ya mnazi. Alinitandikia mkeka wangu, karibu na wake, akasema huu utakuwa wangu daima. Alinifundisha kuhesabu kwa lugha yao: tahi, lua, tolu, fa, lima. Nikamwambia baba, kwa hofu ya kweli, kwamba hawa watu wakifika nne wanakufa na wakifika tano wanalima. Alicheka hadi akaketi chini.

Na samaki ndio walionimaliza kabisa. Kila wanaume waliporudi toka kuvua pamoja, samaki wote walimwagwa mchangani na kugawanywa kwa mafungu, kila nyumba na idadi ya watu wake, bila kujali nani amevua na nani hakuvua. Watoto ndio waliotumwa kuchukua. Siku ya tatu yetu pale, mzee mgawaji aliita nyumba ya Malia, akatazama upande wangu, akaongeza samaki wawili. Malia akanisukuma mgongoni kwa furaha: "Nenda, chukua, umehesabiwa." Nilivibeba vile visamaki. Nilikuwa nimeandikishwa.

Basi nikawa kivuli cha mama. Kisiwa kile unakitembea toka ncha hadi ncha kabla chai haijapoa, na mama alikitembea hivyo mara nne, mara tano kwa siku, amekunja mikono kifuani, kama mtu anayetafuta kituo cha basi. Mimi nyuma. Alipokwenda kwenye matangi, ambako baba na vijana wa pale walikuwa wakimwaga zege na kufunga mifereji ya bati, nilikwenda. Alipokwenda kuoga nilikaa nje ya mlango nikaimba ili ajue nipo.

"Manka, nenda kacheze na wenzako," aliniambia. "Angalia, wanaogelea."

"Sitaki."

"Nenda, niongee na baba yako kidogo."

"Ongeeni tu."

Mara moja, kwenye kisiwa kidogo ng'ambo ya ziwa ambako baba alitupeleka kula nazi na samaki wa kuchoma, alianza mbele yangu. Papa wadogo wenye ncha nyeusi kwenye mapezi walikuwa wakizunguka ufukweni kwenye maji ya kina cha shubiri, na baba alikuwa anawarushia mifupa.

"Baba Manka, nina neno nataka kukuambia."

Baba akageuka. Mimi nikajikunja nikashika tumbo, nikapiga kelele kwamba linauma, linauma sana. Wakanibeba hadi kwenye mashua. Malia alinikanda tumbo kwa mafuta ya nazi jioni nzima, nami nikalala nimemshika mama kidole. Nilijivuna. Nilijua neno lile lilikuwa nini, na nilikuwa nimelizuia.

Jioni moja Malia, anamalizia pindo la gauni, alimwambia mama kwa utani: "Huyu mwache kwangu. Nyumba yangu kubwa, haina mtoto. Huku kwetu watoto tunapeana." Mama alikuwa amechoka, ametoka kwenye matembezi yake ya nne. Akacheka, akapunga mkono: "Mchukue tu!"

Nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Kutotulia nikiwa mtu mzima nimekujua: kazi mpya, mji mpya, mapenzi yasiyo na uhakika. Lakini hakuna kulikofanana na kule kwa wiki mbili zile. Mwili wangu wote ulikuwa kama mguu unaotikisika chini ya meza. Sikumaliza chakula. Sikukaa hadi mwisho wa ibada. Nilihesabu siku za kurudi kwa meli, na sikujua kama nazihesabu kwa kuitamani au kuiogopa.

Ikarudi asubuhi yenye upepo. Tuliiona imesimama nje ya mwamba, nyeupe yenye kutu, na kijiji kizima kikaanza kukimbia na magunia na barua. Masanduku yetu yalikuwa tayari mlangoni. Mama akapiga magoti mbele yangu, akanishika mabega. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Manka, nisikilize. Nenda kwa Malia ukavae gauni lako, akuage vizuri. Mimi naenda kwenye matangi kuongea na baba. Usinifuate. Safari hii usinifuate, umenielewa?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Nikamtazama akienda, kitenge chake kinapigwa na upepo. Kwangu mambo yalikuwa wazi kama mchana: nikivaa gauni lile, nimebaki.

Nilikimbia upande wa pili. Pale mlangoni pa mwamba mashua ya kwanza ilikuwa inaondoka, imejaa wanawake, watoto, vikapu na mgonjwa mmoja aliyelazwa kwenye godoro. Hakuna aliyeuliza habari ya mtoto mmoja zaidi. Nilipanda, nikajibana kati ya vikapu. Wimbi likatuinua, tukapenya, na dakika chache baadaye nilikuwa nimepanda ngazi ya kamba, nimejipenyeza nyuma ya marundo ya mikeka kwenye sitaha, nimetoa pasipoti kwenye soksi, nimeishika kwa mikono miwili.

Nilifikiri wataona mbele ya safari kwamba nipo, na itakuwa vigumu kunirudisha. Sikufikiri kabisa kwamba wangenitafuta.

Kwanza ilikuwa kengele ya kanisa, inapigwa haraka haraka bila mpangilio. Nikachungulia kati ya mikeka. Ufukweni watu walikuwa wanakimbia, wadogo kama punje za mchele. Mashua zilizokuwa zinaleta mizigo ziligeuka zote zikaenda kuzunguka mlango wa mwamba. Niliona wanaume wakijirusha, wakizama, wakiibuka, wakizama tena. Niliona mtu mwenye kitenge cha rangi ya machungwa akiingia baharini na nguo zake, maji ya kiuno, ya kifua, na watu wawili wakimvuta nyuma naye akiwapiga. Mama yangu hakujua kuogelea hata kidogo. Hata hapo sikuelewa. Nilidhani kuna mtu amezama, na nikamwonea huruma mtu huyo.

Mpishi wa meli ndiye aliyenikuta, alipokuja kuchukua mkeka. Alinitazama, akatazama ufukweni, akapiga ukelele kuelekea chumba cha nahodha. Honi ikalia mara tatu.

Walikuja kwa mashua moja, baba mbele, mama nyuma. Baba alikuwa amelowa, kifua kimechanwa na matumbawe, damu nyembamba inachuruzika hadi kwenye kaptula. Mama alipanda ngazi ya kamba kwa magoti na viwiko. Alinikamata, akanitikisa, akanikumbatia, akanitikisa tena. Meno yake yalikuwa yanagongana.

"Kwa nini? Kwa nini, Manka? Tumekutafuta chini ya maji!"

Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba alitaka kuniacha.

"Nani alikuambia hivyo?"

"Wewe."

"Mimi nilisema lini? Nilisema nini?"

Nikasema. Na kwa kuwa maneno yale nilikuwa nimeyabeba toka Champlin, yakijikariri yenyewe kichwani mwangu kila siku, yalitoka kwa Kiswahili, kwa sauti ya mama, bila kosa hata moja, mimi ambaye kwa kawaida nisingeweza kuunga sentensi tatu:

"Nimechoka kulea peke yangu. Kwa simu siwezi. Nikifika huko, nitamwacha hukohuko. Atalia, halafu atazoea. Hatakosa wa kumpikia."

Mama alifunga mdomo wake kwa kiganja.

Baba alikuwa anakamua shati lake. Aliacha kulikamua. Alimtazama mama, akanitazama mimi, kisha akaketi polepole juu ya gunia la unga kama mtu aliyeambiwa na daktari akae. Sisi ambao lugha yetu haitengi huyu wa kiume na yule wa kike, herufi mbili tu, *mw*, zinaweza kumbeba mtu yeyote. Mimi nilijiweka humo kwa miezi mitatu. Baba aliingia humo kwa pumzi moja, akajikuta yuko mahali pake.

"Si wewe, Manka," alisema mwishowe. "Ni mimi. Mama alikuwa ananisema mimi."

Mpishi alikuwa bado amesimama pale na mkeka wake. Akageuka, akaondoka.

"Nilitaka kukuambia tangu siku tuliyofika," mama alisema. "Nilikuwa nakuja kukuambia leo, kengele ikapigwa."

"Najua. Hukupata nafasi." Akaelekeza kidevu kwangu, na karibu atabasamu. "Ulikuwa na mlinzi." Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Ni kwa sababu ya kazi hii?"

"Si kazi. Kazi ni nzuri, watu watakunywa maji. Ni kwamba popote ulipo, unataka kuwa kwingine. Ukiwa Champlin unawaza Singida. Ukiwa Singida, unauliza hali ya hewa ya Minneapolis. Mimi na mtoto tumekuwa stendi, unapita. Nimechoka kusubiri, Baba Manka. Sina hasira tena, na hilo ndilo limeniogopesha."

Nilingoja apinge. Baba alikuwa hodari wa kupinga. Lakini alikaa juu ya gunia lile, maji yanamdondoka puani, akatazama mikono yake yenye saruji kwenye kucha.

"Yamebaki matangi mawili," akasema.

"Yamalize," mama akasema. "Usiache watu na matangi nusu."

Nahodha alikuwa anapiga kelele kwamba maji yanakupwa. Masanduku yetu yakaletwa, na juu yake Malia alikuwa ameweka gauni jeupe limekunjwa na kofia, na ujumbe kwa mdomo wa kijana wa mashua kwamba nimemtia mvi na kwamba ananipenda. Baba alinibusu juu ya kichwa. Akamshika mama bega, kidogo tu, akashuka ngazi ya kamba. Hatukumwona akifika ufukweni kwa sababu mawimbi yalikuwa makubwa.

Safari ya kurudi mama hakutapika. Alikaa ameegemea ukuta wa sitaha, nguo zake zinakauka na kuacha mistari ya chumvi, mimi katikati ya miguu yake.

"Ningekuachaje wewe?" alisema. "Ningeanza kwa kuuacha mkono wangu." Baadaye kidogo: "Ulikaa na kitu hicho miezi mitatu bila kusema?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ndipo akalia, na nilimwacha alie, na mimi nikalala usingizi ambao walinibeba nao hadi nchi kavu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni mimi niliyewatenganisha, kwamba nisingeyatamka pale sitahani, yangebaki jikoni. Nilimwuliza mama mara moja tu, nilipokuwa chuo kikuu. Alikuwa anakata vitunguu. "Ulinisaidia kusema nilichoshindwa," alisema. "Sijui hadi leo kama nikushukuru au nikuchape."

Baba alimaliza matangi yake, na alirudi katikati ya baridi kali, ile ya kugandisha kope. Mama ndiye aliyeendesha kwenda kumpokea, mimi nyuma. Alitokea kwenye mlango wa wasafiri amevaa shati la maua na makubazi, mwembamba, anatafuta watu kwa macho. Mama alikuwa amenunua koti zito la kahawia. Hakumsalimia kwanza. Alimvalisha, mkono mmoja, mkono wa pili, akamfungia zipu hadi kidevuni, kama anavyovalishwa mtoto wa chekechea. Kisha akampa funguo mbili kwenye pete moja.

"Nimekutafutia nyumba Eagan," alisema. "Vyumba viwili. Kimoja cha Manka."

Baba alizitazama zile funguo kwenye kiganja. "Ina joto?"

"Inalo. Nimelala pale jana nikaijaribu."

Tulimpeleka. Kulikuwa na kitanda kimetandikwa, sufuria, mwiko, unga wa ugali kabatini. Mama alizunguka akigusa mabomba ya joto moja baada ya jingine, halafu akasema tumwache apumzike. Mlangoni nilimshika baba koti, nikamwuliza atakuja lini. Niliuliza tu kwa mazoea. Jibu lake sikuzote lilikuwa karibuni, au nikimaliza, au tutaona.

"Jumamosi," alisema.

Jumamosi theluji ilianguka tangu alfajiri, na redio ikawa inasihi watu wasitoke. Saa tatu kasoro asubuhi kengele ya mlango wetu wa Champlin ililia. Alikuwa yeye, amefunga zipu hadi kidevuni, barafu kwenye ndevu. Akavua viatu, akaingia, akaketi kwenye kiti, miguu yote miwili chini ya meza.